Dozi ya jioni bila mlo wa jioni: uchambuzi wa kisa cha kisukari, njaa na usingizi

Kisa hiki ni cha mama wa miaka hamsini na kitu anayeishi na kisukari cha aina ya 2. Umri kamili, kazi, mahali na tarehe vimeondolewa, na baadhi ya mambo ya familia yamebadilishwa ili asitambulike. Dozi zimeandikwa kwa sababu bila hizo kisa hakieleweki. Ni dozi za mtu mmoja mwenye uzito, figo na maisha yake, kwa hiyo mwingine asizichukue bila timu yake ya matibabu.

## Hali ilivyokuwa

Mama huyu alikuwa na kisukari kwa miaka 11, na kati ya hiyo, 3 ya mwisho alikuwa kwenye insulini. Alitumia insulini ya mchanganyiko wa 30/70, yaani asilimia 30 ni insulini ya kazi fupi na asilimia 70 ni NPH, ile ya maji meupe kama maziwa ambayo hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Dozi ilikuwa yuniti 24 asubuhi na 18 jioni, pamoja na vidonge vya kisukari vya metformini, miligramu 1,000 mara mbili kwa siku na dawa ya shinikizo la damu. Uzito wake ulikuwa kilo 68. Figo zilikuwa nzima, na dawa ya shinikizo haikuwa ya kundi la beta bloka. Mambo haya mawili yana uzito: figo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na beta bloka huweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo ya kasi ambayo humshtua mtu sukari inaposhuka.

Nyumbani walikuwa watu 6, na pesa ya uhakika iliingia mara moja kwa mwezi. Wiki 2 za kwanza walikula vizuri, ya 3 wakaanza kubana, na ya 4 mlo wa jioni ulikuwa wa watoto. Hayo yote hayakuwamo kwenye jalada lake. Sehemu ya chakula ilikuwa na maneno mawili tu: "Ameshauriwa lishe."

## Mfululizo wa matukio

Alikuja kliniki akiwa na HbA1c ya asilimia 9.6. Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari kwa takribani wiki 8 hadi 12. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 15.1 mmol/L. Alipoulizwa kama anatumia dawa, alisema anatumia. Alipoulizwa kama anakula vizuri, alijibu, "Ninakula vizuri, daktari." Dozi ya asubuhi ikapandishwa hadi yuniti 26 na ya jioni hadi 20. Akaambiwa pia apunguze mawazo na alale mapema.

Miezi 3 baadaye HbA1c ilikuwa 9.4, karibu palepale. Sukari ya asubuhi ilikuwa 14.3. Dozi ikapandishwa tena: 28 asubuhi, 24 jioni, jumla yuniti 52. Safari hii alilalamika kwamba halali. Aliandikiwa karatasi ya ushauri wa usingizi: chumba kiwe na giza, simu iwekwe mbali, asinywe vinywaji vyenye kafeini jioni. Ushauri huo hauna kosa, ila haukugusa kilichokuwa kikimwamsha.

Siku 9 kabla ya pesa ya mwezi uliofuata kuingia, saa 9 usiku, binti yake alimkuta ameketi kitandani nguo zimelowa jasho, anaongea maneno yasiyoshikana. Sukari kwenye mashine ilikuwa 2.4 mmol/L, sawa na 43 mg/dL. Alipewa maji ya sukari akazinduka. Chini ya 3.9 sukari huhesabiwa kuwa imeshuka, chini ya 3.0 ni hatari ya haraka, na mtu akifikia kuhitaji msaada wa mwingine ili apone, hiyo huitwa sukari kushuka kwa kiwango kikali, haijalishi mashine inasoma ngapi.

Alirudi kliniki baada ya siku 2, na kwa bahati akampata muuguzi aliyeamua kuanza na jioni badala ya kuanza na namba.

## Maswali yaliyofungua mambo

Muuguzi hakumuuliza kama anakula vizuri. Swali hilo humwomba mtu ajisifu au ajiaibishe, na wengi hujisitiri. Alimuuliza: "Mama, jana jioni ulikula nini, na saa ngapi?" Kisha: "Na juzi?" Kisha: "Nyumbani kwenu nani hula mwisho?" Hapo ndipo alipopata jibu: "Watoto wakishakula, mimi nakunywa maji nalala."

Baada ya hapo ndipo alipotumia maswali 2 ya kawaida ya kupima uhakika wa chakula, ambayo hutaka mtu aseme ni mara nyingi, mara chache au kamwe: kama katika miezi 12 iliyopita alikuwa na wasiwasi kwamba chakula kingeisha kabla ya kupata pesa ya kununua kingine, na kama kweli chakula kiliisha na pesa ya kingine haikuwapo. Jibu la "mara nyingi" au "mara chache" kwa swali lolote kati ya hayo 2 linatosha kuhesabu kwamba kaya haina uhakika wa chakula. Lipo pia dodoso la FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lenye maswali 8, ambalo hupima uzito wa tatizo kwa undani zaidi. Kwa kliniki yenye foleni, 2 yanatosha, mradi yaulizwe faragha na yatanguliwe na sababu: "Tunawauliza wote wanaotumia insulini, kwa sababu dozi hutegemea chakula."

Jambo la 3 lililofanyika lilikuwa kulifungua daftari la sukari na kulisoma kwa wiki za mwezi. Daftari lilikuwa na mapengo mengi, lakini vipimo vilivyopo vilipopangwa kufuata tarehe ya pesa kuingia, picha ikajitokeza. Wiki ya 1, baada ya mlo wa mchana, sukari ilifika 16 na 17. Wiki ya 3 na ya 4 kulikuwa na asubuhi za 14 hadi 16, na katikati yake vipimo vichache vya usiku: 3.4, 2.9, 3.1. HbA1c ya 9.4 ilikuwa imevichanganya vyote hivyo na kutoa wastani unaomfanya mtu afikiri kwamba sukari iko juu muda wote.

Mwisho aliulizwa anachofanya usiku akizinduka na jasho. Alisema hukoroga vijiko 7 au 8 vya sukari kwenye maji, hunywa yote, hukaa macho hadi alfajiri kwa hofu, na usiku unaofuata haichomi kabisa dozi ya jioni. Kumbe ndiyo asili ya ile sukari ya asubuhi. Zamani ilielezwa kwamba sukari ikishuka usiku mwili huirusha juu wenyewe hadi asubuhi; vipimo vya sukari vya saa 24 havikuliunga mkono sana wazo hilo. Kwa mama huyu maelezo yalikuwa mepesi zaidi: sukari nyingi aliyokunywa kwa hofu, na dozi alizoruka. Kliniki iliona 15 ya asubuhi, ikaongeza insulini ya jioni. Dozi ilipoongezeka, usiku usio na mlo ukawa mbaya zaidi, hofu ikazidi, akaruka dozi nyingi zaidi, na asubuhi ikaendelea kuwa juu.

## Kwa nini usiku ndio ulioumia

Hebu tuifuate dozi moja ya yuniti 24 iliyochomwa saa 1 jioni. Takribani yuniti 7 ni za kazi fupi: zinaanza kufanya kazi baada ya nusu saa, zinafika kileleni kati ya saa 2 na saa 4 baadaye, yaani saa 3 hadi saa 5 usiku. Hizi zimewekwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Bila chakula hazina cha kushughulikia isipokuwa sukari iliyomo kwenye damu. Yuniti 17 zilizobaki ni NPH, ambayo nguvu yake kubwa huja kati ya saa 4 na saa 10 baada ya kuchomwa. Hapo tunaangukia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, wakati mtu amelala, hali kitu, na ini lake halina akiba kubwa kwa sababu ameshinda na mlo mmoja mwembamba.

Dalili za sukari kushuka usingizini si zile zinazofundishwa mchana. Ni jasho linalolowesha shuka, kuweweseka, ndoto za kutisha, kuamka na kichwa kinauma, na uchovu wa asubuhi kana kwamba hakulala. Mama huyu alikuwa nazo zote. Yeye aliziita mawazo, na kliniki ikazipokea kwa jina hilohilo.

Usiku wa kuruka dozi ulikuwa na adha yake. Sukari ikivuka takribani 10 mmol/L, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Siku hizo aliamka mara 3 au 4 kwenda haja ndogo na kunywa maji. Kwa hiyo alikuwa na namna 2 za kukosa usingizi ambazo zilipokezana: usiku wa dozi bila mlo ulileta jasho na hofu, na usiku wa kukwepa dozi ulileta kiu na mkojo. Kwa jumla alilala saa 4 hadi 5, ilhali mtu mzima anahitaji angalau 7.

Usingizi uliokatwa nao una gharama yake. Katika jaribio lililochapishwa 1999, vijana 11 wenye afya waliruhusiwa kulala saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo, na kasi ya miili yao kuondoa sukari kwenye damu ilipungua kwa takribani asilimia 40. Hao hawakuwa na kisukari. Jaribio jingine la 2004 lilionyesha kwamba usiku 2 wa saa 4 hushusha leptini, homoni ya shibe, na kupandisha grelini, homoni ya njaa. Mtu asiye na chakula cha kutosha analala vibaya, anaamka na njaa kali zaidi, na mwili unaoitikia insulini kwa uvivu. Wasiwasi wa deni na wa kesho huongeza kotisoli na adrenalini, homoni za msongo, ambazo kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini limwage sukari. Katika kisa cha mtu mmoja haiwezekani kusema ni kiasi gani cha sukari kilitokana na msongo na kiasi gani na dozi zilizorukwa. Ila dozi zilionekana wazi na zilirekebishika, kwa hiyo ndipo timu ilipoanzia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mpangilio: kuzuia kushuka kwa usiku kwanza, kisha chakula, kisha usingizi, na HbA1c mwisho. Kushuka kwa sukari kunaweza kuua leo. HbA1c ya 9.4 inadhuru kwa miaka. Lengo la HbA1c lililegezwa kutoka chini ya 7 hadi chini ya 8, kama inavyoruhusiwa kwa mtu aliyekwisha kupata kushuka kwa kiwango kikali.

Dozi ndiyo iliyojadiliwa zaidi. Kwenye karatasi jumla ilikuwa yuniti 52 kwa siku. Alipohesabiwa dozi alizoruka, alikuwa akichoma wastani wa karibu 38. Kupunguza asilimia 20 ya 52 kungempa 42, yaani zaidi ya kile alichokuwa akitumia kweli. Watu wengi hukosea hapa: punguzo lianze kwenye kilichoingia mwilini, halafu ndipo karatasi isahihishwe.

Mchanganyiko wa 30/70 uliachwa. Kasoro yake kwa nyumba isiyo na uhakika wa chakula ni kwamba hauwezi kutenganishwa: huwezi kuacha ile ya mlo ukabaki na ya msingi, ile ambayo mwili huihitaji hata bila chakula. Alipewa insulini 2 kwenye vichupa 2:

NPH yuniti 14 asubuhi na 10 saa 4 usiku, wakati wa kulala. Kuihamisha kutoka saa ya mlo wa jioni hadi saa ya kulala kunasogeza kilele chake karibu na alfajiri, wakati sukari hupanda yenyewe kwa homoni za kuamka.

Insulini ya kazi fupi yuniti 6 nusu saa kabla ya mlo wa asubuhi na 6 kabla ya mlo wa jioni. Sahani kamili yenye wanga, 6. Nusu sahani, 3. Hakuna sahani, hakuna kuchoma. Na asichome hadi chakula kiwe mbele yake au kiwe jikoni kimekaribia kuiva. Ahadi ya chakula haihesabiwi.

Siku ambayo haoni dalili ya chakula hadi jioni, NPH ya asubuhi inashuka kutoka 14 hadi 10, lakini haiachwi kabisa. Metformini inaendelea, peke yake haishushi sukari kupita kiasi, ingawa tumbo tupu huifanya isumbue, kwa hiyo siku ngumu aliimeza na kile kidogo kilichopatikana. Jumla ya siku yenye milo kamili ikawa yuniti 36.

Analogi ya muda mrefu, yaani insulini iliyobadilishwa kimaabara ili ifanye kazi polepole na kwa usawa, ingefaa zaidi kwa usiku, kwa kuwa haina kilele kikali kama cha NPH. Haikuwa ndani ya uwezo wake, na timu iliona ni afadhali dawa atakayoipata kila mwezi kuliko bora atakayoipata mwezi mmoja na kuikosa ujao.

Vijiti vya kupimia vilikuwa 50 kwa mwezi. Kupima kila asubuhi kungetumia vingi vyake bila kujibu swali lililokuwapo. Walikubaliana: kabla ya kulala kila siku, na saa 9 usiku kwa usiku 3 katika wiki ya kwanza ya mpango na usiku 3 katika wiki ya mwisho ya mwezi. Vilivyobaki ni vya dalili. Kabla ya kulala ikiwa chini ya 6, ale kidogo chenye wanga wa gramu 15, na kama hakuna cha kula, NPH ya usiku inashuka kutoka 10 hadi 7.

Tiba ya kushuka iliandikwa kwa vipimo vya jikoni: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari, karibu gramu 15, vikorogwe kwenye nusu bilauri ya maji, subiri dakika 15, pima, kama bado iko chini ya 3.9, rudia. Sukari hiyo ilifungwa kwenye vijaluba 4 vyenye kipimo hicho, na kimoja kikalazwa kando ya kitanda pamoja na maji. Kijaluba kilikuwa na faida ya pili: kilimzuia kumwaga vijiko 8 akiwa anatetemeka gizani. Binti alifundishwa kwamba mama asipoweza kumeza, asitiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na msaada uitwe. Glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari kwa asiyeweza kumeza, haikupatikana.

Upande wa chakula, ofisa ustawi wa jamii alimwandikisha kwenye mgao wa chakula kikavu. Aliomba jambo moja lililoleta tofauti kubwa: mgao utolewe mwanzoni mwa wiki ya 3, kwa sababu mwanzoni mwa mwezi nyumba ilikuwa na chakula. Ushauri wa lishe uliandikwa upya. Karatasi ya zamani ilitaja milo 5 midogo kwa siku kwa mtu mwenye mmoja na nusu. Mpya ilisema: chakula kikiwa kidogo, kigawanywe asubuhi na jioni badala ya kukimaliza mchana, jamii ya kunde iende pamoja na wanga ili sukari ipande polepole, wiki ya neema wanga usipite robo ya sahani hata kama sufuria imejaa. Na kwa idhini yake, familia iliambiwa kwamba sahani yake ya jioni ni sehemu ya dawa, hivyo ipakuliwe pamoja na za watoto.

Kwa upande wa akili, alijaza dodoso la sonona la PHQ-9 na kupata alama 11, kiwango cha kati. Muuguzi aliyapitia majibu moja moja, na ni vizuri alifanya hivyo. Swali la hamu ya chakula alikuwa amelipa alama kubwa. Alipoulizwa, "Huna hamu ya kula, au huna cha kula?" alisema hamu anayo. Maswali ya usingizi na uchovu nayo yalibeba alama za usiku aliokuwa akiamshwa na sukari. Swali la kujidhuru lilikuwa sifuri, na liliulizwa tena kwa mdomo. Timu ikaamua kutoanza dawa ya sonona, bali kumpa nafasi ya mazungumzo kila wiki 2 na kurudia dodoso baada ya wiki 6. Kama swali la kujidhuru lingekuwa na alama, uamuzi ungekuwa mwingine siku hiyohiyo.

## Matokeo

Usiku 3 za mwanzo, saa 9, sukari ilisoma 6.8, 7.4 na 5.9. Baada ya kuiona 5.9 kwa macho yake alilala hadi asubuhi, mara ya kwanza kwa miezi.

Wiki ya 2 kulitokea kosa. Wakati wa kulala alichoma yuniti 10 za insulini angavu, ile ya mlo, badala ya nyeupe. Aligundua alipokirudisha kichupa, akapima kila saa, na saa 7 usiku ilikuwa 3.2. Alitumia vijaluba 2, ikarudi 6.1. Vichupa 2 vinavyofanana mezani ni hatari iliyojulikana tangu mwanzo, na haikuzuiwa. Kuanzia hapo kichupa cha mlo kilivishwa mpira 2 za kubania na kukaa jikoni, cha kulala kikakaa chumbani mahali penye ubaridi.

Baada ya wiki 6 PHQ-9 ilikuwa 6 na usingizi ulifika saa 6 au zaidi kwa siku nyingi. Wiki ya 4 ya mwezi ule haikuwa na kipimo chochote cha usiku chini ya 3.9. Baada ya miezi 3 HbA1c ilikuwa 8.5, baada ya 6 ikawa 8.2. Haijafika lengo, lakini imeshuka huku insulini iliyoandikwa ikipungua kutoka yuniti 52 hadi 36.

Mgao wa chakula ulikatika mwezi wa 5. Mlo wa jioni ukaanza kukosekana tena siku 4 hadi 6 kwa mwezi. Alipungua kilo 2 na mazungumzo yake yakarudi kwenye deni. Sukari ya usiku haikushuka.

Kukoroma kulibaki. Kwa kukoroma, uchovu wa mchana, shinikizo la damu na umri wa zaidi ya miaka 50 alipata alama 4 kwenye dodoso la STOP-BANG, kiwango cha kati cha hatari ya kukatika pumzi usingizini. Aliandikiwa kipimo, hadi kisa hiki kinaandikwa hakijafanyika.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichofaa zaidi ya yote ni kuifanya dozi ifuate sahani. Mwezi wa 5 ndio uliothibitisha. Msaada ulipokatika mpango haukuporomoka, kwa kuwa haukujengwa juu ya dhana kwamba chakula kitakuwapo. Mpango ambao usalama wake unategemea mgao hubomoka gari la mgao lisipofika, na magari ya mgao hayafiki mara nyingi.

Mpangilio wa hatua nao ulikuwa sahihi. Ushauri wa usingizi uliotangulia tiba ya usiku haukusaidia kitu, na ulimwachia hisia kwamba kutolala ni kosa lake. Mtu anayeogopa kutoamka hawezi kufundishwa kulala. Hofu ilipoondoka, usingizi ulirudi bila karatasi yoyote.

Kupandisha dozi mara 2 kwa kutazama sukari ya asubuhi peke yake ndilo kosa kubwa la kisa hiki. Sukari ya asubuhi iliyo juu kwa mtu wa insulini ina sababu nyingi: dozi ndogo, dozi iliyorukwa, mlo wa usiku, sukari iliyonywewa kutibu kushuka, insulini iliyoharibika kwa joto, sindano inayochomwa palepale kwenye uvimbe. Kuongeza dozi hutibu ya kwanza tu. Usiku 3 za kupima saa 9, vijiti 3 basi, vingeonyesha tofauti miezi 3 mapema.

Tarehe za miadi zilificha tatizo. Mara zote 2 alikuja wiki ya 1, akiwa na nauli na amekula. Sasa miadi yake imewekwa wiki ya 4, na nauli inatengwa mwanzoni mwa mwezi. Jambo hili si la mama huyu peke yake: uchunguzi wa hospitali za California, Marekani, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba kwa watu wa kipato cha chini kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka kulikuwa juu kwa asilimia 27 wiki ya mwisho ya mwezi kuliko wiki ya kwanza, na kwa watu wa kipato cha juu tofauti hiyo haikuwapo.

Kilichoshindwa moja kwa moja ni chakula chenyewe. Kliniki ilimlinda na dozi, haikumshibisha. Kupungua kilo 2 si mafanikio, hata kama kwenye chati ya kisukari kunapendeza. Ofisa ustawi wa jamii aliletwa baada ya tukio la hatari, na alipoondoka kwenye mpango hakuna aliyepewa jukumu la kufuatilia mwisho wa mgao. Tarehe ya mgao kuisha inapaswa kuandikwa kwenye jalada kama inavyoandikwa tarehe ya dawa kuisha, na mtu mmoja aitwe kwa jina kuwa ndiye atakayeishughulikia wiki 4 kabla.

## Pale kisa hiki kisipofaa kunakiliwa

Mwenye kisukari cha aina ya 1 hawezi kukaa bila insulini ya msingi hata siku asiyokula; akiiacha, asidi ya ketoni, ambayo mwili huitoa unapochoma mafuta badala ya sukari, hujikusanya ndani ya saa chache. Anapunguza, hakomi, na kiasi cha kupunguza apewe mapema kwa maandishi.

Anayemeza vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, ambavyo huisukuma kongosho itoe insulini, yuko kwenye hatari ileile ya usiku bila sindano. Nguvu yake hudumu hadi saa 24, hubaki zaidi figo zikiwa dhaifu, na haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Gliklazidi, kidonge cha kundi hilohilo, ni salama zaidi. Kwa hao pia sheria ni hiyo: mlo usipokuwapo, kidonge cha mlo huo kisimezwe. Akishuka na vidonge hivi, sukari inaweza kurudi chini tena baada ya kupanda, kwa hiyo aangaliwe kwa saa nyingi na si dakika 15 tu, na akiwa alipoteza fahamu apelekwe hospitali hata kama amezinduka.

Wanaotumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2, ambazo hutoa sukari kupitia mkojo, wana jambo jingine: kushinda njaa kunaweza kuwaletea asidi ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi kwa mtu wa namna hiyo aliyeshinda bila kula ni vya kupimwa ketoni siku hiyohiyo, na dawa isimamishwe hadi aanze kula.

Mjamzito hafuati mpango huu kabisa. Kwake malengo ya sukari ni tofauti na njaa humdhuru na aliye tumboni, hivyo kukosa mlo kwa siku 2 tu ni sababu ya kumwona daktari na ofisa ustawi kwa pamoja, bila kungoja miadi.